Maoni yetu kuhusu sera ya chakula yatasomwa na nani?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wakulima wadogo, tuko 34. Wizara imetangaza kuwa inaandaa sera mpya ya taifa ya uhakika wa chakula na imetoa siku 21 za kupokea maoni. Rasimu ina kurasa zaidi ya 90. Mwaka juzi tuliitwa kwenye mkutano wa namna hii, tukasema, tukaandikwa majina, hatukusikia tena. Wenzangu wanauliza kuna faida gani kusema mara ya pili. Je, mwananchi wa kawaida anaweza kweli kubadilisha sera ya taifa? Na kama anaweza, aanzie wapi?

Jibu: Dada, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama pale uliposema "tukaandikwa majina, hatukusikia tena". Orodha ile ya mahudhurio ina kazi yake. Huambatishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa, na anayeisoma ripoti huko juu hana njia ya kujua kama mliosaini mlikubali, mlipinga au mlinyamaza kutwa nzima. Wenzako wana haki kabisa ya kuuliza wanachouliza.

Jibu langu ni ndiyo, mwananchi anaweza, na imewahi kutokea. Nitakueleza wapi na kwa njia gani. Ila nafasi yake kubwa huwa iko mahali pawili pasipotangazwa: kabla rasimu haijaandikwa, na baada ya sera kutiwa saini. Kipindi hiki cha katikati, cha siku 21, ndicho kinachopigiwa mbiu, na ndicho chenye nafasi finyu kuliko vyote. Rasimu ikishafika mikononi mwenu, kikosi kazi cha wizara kimeshakaa miezi mingi, washauri wameshalipwa, wafadhili wameshapitia, na mambo makubwa yameshaamuliwa. Nafasi hiyo finyu bado inafaa kutumiwa, mradi mjue mnachokitafuta ndani yake.

Nianze na sababu ya wizara kuwahitaji, maana watu wengi huingia kwenye mikutano hii kama waliofadhiliwa nafasi ya kuongea. Mwaka 1974, dunia ilipokutana Roma kuzungumzia chakula, hesabu kubwa ilikuwa ya tani: kuna nafaka kiasi gani, na bei zake zinayumba vipi. Kufika mkutano mkuu wa 1996, huko huko Roma, maana ilikuwa imepanuka: kuna uhakika wa chakula pale ambapo watu wote, wakati wote, wanakifikia na kumudu chakula cha kutosha, salama na chenye lishe, kinacholingana na mahitaji yao na wanavyopendelea kula. (Ndiyo maana napenda neno uhakika kuliko usalama. Ukisema usalama wa chakula watu hufikiria sumu na vijidudu. Ukisema uhakika wanafikiria mwezi ujao.)

Kilichobadilisha fikra kwa sehemu kubwa ni uchunguzi wa mwanauchumi Amartya Sen uliotoka 1981. Aliangalia njaa kuu ya 1943 ya Bengal, jimbo la India ya wakati wa ukoloni, iliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu, akatoa hoja kwamba chakula kilichokuwepo mwaka huo hakikupungua kwa kiasi cha kueleza maafa yale. Kilikuwa hata zaidi ya cha 1941. Waliokufa hasa ni vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wa vijijini, watu ambao ujira wao uliachwa mbali na bei. Wapo wanaobishana na hesabu zake hadi leo, lakini hoja yenyewe imebaki: takwimu za mavuno hazikuambii nani amelala njaa.

Hapo ndipo mnapoingia ninyi. Wizara ina picha za satelaiti, ina makadirio ya mavuno, ina bei za soko kuu. Haijui kwamba mama mwenye shamba aliuza nafaka zake zote mwezi wa mavuno kwa sababu ada ya shule haingoji, akarudi kuinunua nafaka ileile miezi mitano baadaye kwa bei nyingine. Hilo halionekani kutoka angani. Afisa anayeandika sera bila kulijua ataandika sera ya kuongeza mavuno, na mama yule ataongeza mavuno na kuuza yote mwezi uleule.

Sasa ushahidi kwamba inawezekana.

Brazil ndiyo nchi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili, na naomba nikae hapo kidogo. Mwaka 1993 kampeni kubwa ya raia dhidi ya njaa, iliyoongozwa na mwanasosholojia Herbert de Souza, aliyejulikana kwa jina la Betinho, iliusukuma uongozi wa nchi kuunda Baraza la Taifa la Uhakika wa Chakula, CONSEA. Mwaka 1995 serikali iliyofuata ikalifuta. Likarudi 2003, na safari hii likiwa na muundo ambao kila nchi inafaa kuuangalia: theluthi mbili ya wajumbe walitoka kwa wananchi na vyama vyao, theluthi moja serikalini, na mwenyekiti alikuwa wa upande wa wananchi. Lilimshauri rais moja kwa moja. Chini yake kulikuwa na mikutano iliyoanzia kwenye manispaa, ikapanda majimboni, ikafika taifa, kila ngazi ikichagua wa kuiwakilisha ngazi ya juu.

Je, lilileta chakula, au lilileta vikao? Mwaka 2006 sheria ya mfumo wa uhakika wa chakula ilipitishwa. Mwaka 2009 ikapita sheria nyingine iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za mlo wa shule zitumike kununua chakula kwa wakulima wa familia. Fikiria maana yake kwa kikundi kama chenu: mnunuzi wa uhakika, wa karibu, anayenunua kila muhula. Mwaka 2010 haki ya chakula ikaingizwa kwenye katiba ya nchi.

Halafu, tarehe 1 Januari 2019, siku ya kwanza ya serikali mpya, baraza likaondolewa kwa agizo. Wananchi wakapika chakula viwanjani katika miji mingi na kula pamoja hadharani kupinga. Lilirejeshwa 2023. Ninachotaka ukione ni hiki: katika miaka ile minne baraza halikuwepo, lakini kifungu cha asilimia 30 kilibaki, kwa kuwa kilikuwa na sheria yake na fungu lake la fedha. Kwa hiyo mkipewa kuchagua kati ya kiti kwenye kamati na sentensi yenye kiwango, muda na fedha, ifikirieni sana ile sentensi.

India ilipita mlango mwingine. Mwaka 2001 maghala ya serikali yalikuwa na zaidi ya tani milioni 40 za nafaka wakati watu wa maeneo ya ukame, jimbo la Rajasthan hasa, wakikosa chakula. Chama cha kutetea haki za kiraia kikafungua shauri Mahakama ya Juu mwezi Aprili. Novemba 28 mwaka uleule mahakama ikaamuru shule za msingi za serikali ziwape watoto mlo uliopikwa. Shauri likaendelea kwa miaka, likizaa amri baada ya amri, na nyuma yake kukiwa na kampeni ya raia wanaokwenda vijijini kuangalia kama amri zinafuatwa. Mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria iliyowapa hadi asilimia 75 ya watu wa vijijini na asilimia 50 ya wa mijini haki ya nafaka kwa bei ya chini sana, kilo tano kwa mtu kwa mwezi kwa kaya nyingi. Na katika kadi ya mgawo, mkuu wa kaya ni mwanamke mkubwa kuliko wote aliyefikisha miaka 18. Mnaona sentensi moja inavyoweza kuhamisha madaraka ya jikoni?

Mfano wa tatu ni mdogo, lakini naupenda. Januari 2006, mjini Sikasso nchini Mali, wakulima zaidi ya 40, wanawake wakiwemo, waliketi kama baraza la wazee wa mahakama kusikiliza suala la mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Wataalamu wa pande zote wakaitwa mbele yao kutoa ushahidi, na wakulima ndio waliouliza maswali. Mwisho wakatoa uamuzi wao: walizikataa mbegu hizo na kutaka utafiti uelekezwe kwenye mbegu za kwao. Unaweza kukubaliana nao au la. Kinachonivutia ni mpangilio wa viti. Katika mikutano yetu ya kawaida mtaalamu anawasilisha hadi saa saba, mkulima anapewa dakika tatu kabla ya chakula cha mchana. Pale mtaalamu ndiye aliyekuwa kizimbani.

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Sherry Arnstein, alieleza ushirikishwaji kama ngazi yenye vipandio vinane. Chini kabisa ni kuwatumia watu kama pambo. Katikati ni kuwapa taarifa na kuwauliza maoni. Juu ni kushirikiana katika kuamua hadi wananchi kushika uamuzi wenyewe. Mwaka juzi mlikuwa kipandio gani? Ulizeni swali hilo kikundini, kwa sababu mtu asiyejua amesimama wapi hawezi kudai kupanda.

Turudi kwenye kurasa zenu 90.

Msizisome kuanzia mwanzo. Kurasa za mwanzo ni historia, dira na dhamira, na hakuna atakayewapinga hapo. Fungueni nyuma, kwenye jedwali la utekelezaji, pale panapoandikwa jambo, mhusika, muda na chanzo cha fedha. Kama jambo limetajwa kwa maneno mazuri ukurasa wa 20 lakini halimo kwenye jedwali, lichukulieni kama halimo kwenye sera. Angalieni pia vitenzi. "Serikali itahimiza" na "itaweka mazingira wezeshi" hayamfungi mtu yeyote. "Itanunua", "itajenga", "italipa ndani ya siku fulani" yanafunga. Wanne kati yenu wanaosoma vizuri wagawane sehemu, na wengine 30 wasikilize na kusema yanayowapata. Kama rasimu iko katika lugha ambayo wengi wenu hamuielewi, andikeni leo kuomba muhtasari katika lugha mnayoielewa, na barua hiyo muitunze, ni ushahidi.

Chagueni mambo mawili, yasizidi matatu. Najua mna kumi. Nimesoma maoni mengi ya vikundi yenye kurasa 15 za madai ya haki kabisa, na nimeona namna afisa mmoja mwenye maandiko mamia mezani anavyoyafupisha kuwa mstari mmoja: "wananchi waliomba pembejeo na masoko". Machungu ya watu yakaishia hapo.

Nitumie jambo moja kama mfano. Tuseme rasimu inasema wakala wa hifadhi ya chakula ataimarisha ununuzi wa nafaka kwa wakulima. Nanyi mnajua kwamba vituo vya ununuzi hufunguliwa wiki nyingi baada ya mavuno, wakati madalali wameshapita. Hesabuni. Kati yenu 34, wangapi waliuza ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kuvuna? Kwa bei gani? Kituo kilifunguliwa tarehe ngapi, na kililipa baada ya siku ngapi? Wangapi walinunua nafaka kabla ya mavuno yaliyofuata, na kwa bei gani? Msijidai kuwa utafiti wa taifa. Semeni wazi kwamba hii ni hesabu ya watu 34. Namba ndogo ya kweli huheshimiwa kuliko "wakulima wengi wanalalamika".

Kisha, na hili ndilo ninalosisitiza kuliko yote, andikeni sentensi mnayoitaka iingie. "Wakala atafungua vituo vya ununuzi ndani ya wiki mbili tangu mavuno kuanza katika eneo husika, na atamlipa mkulima ndani ya siku 14." Mwandishi wa sera aliyechoka, mwenye siku tatu za kukamilisha rasimu ya pili, huipokea sentensi iliyokamilika kwa shukrani. Makampuni makubwa na vyama vya wafanyabiashara hufanya hivyo kila siku, tena kwa mawakili. Maneno yao hayaingii kwenye sera kwa hongo tu kama watu wanavyodhani. Mara nyingi yanaingia kwa sababu yalikuja yakiwa tayari.

Kuna jambo gumu mtakalokutana nalo, na naomba msilikwepe. Mkulima anataka bei ipande. Kibarua wa mjini anayenunua kila anachokula anataka ishuke. Mgongano huo umo ndani ya kila sera ya chakula duniani, na umo ndani ya kikundi chenu pia, maana kwa miezi kadhaa ninyi ni wauzaji na kwa miezi kadhaa ni wanunuzi. Maoni yanayojifanya hayauoni huwekwa pembeni kuwa ya upande mmoja. Kabla ya kuandika, waiteni watu wawili watatu wasiokuwa wakulima: anayefanya kibarua, anayeuza chakula sokoni, mfugaji au mvuvi kama wapo karibu. Hao ndio wanaokosekana kila mara mezani, kwa kuwa mkutano huitishwa ofisini mchana, na wao mchana wako kazini. Maoni yenye sahihi za wakulima na wanunuzi pamoja ni adimu, na ndiyo yanayomfanya mbunge asome hadi mwisho.

Maoni yakikamilika, pelekeni nakala wizarani, kwa kamati ya Bunge inayohusika na kilimo, na kwa mbunge wenu. Mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ombeni kwa maandishi jedwali la maoni yote yaliyopokelewa, lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Kama mtaitwa tena mkutanoni, mwenzenu mmoja aandike kumbukumbu zenu wenyewe, na mnaposaini mahudhurio muombe kumbukumbu hizo ziambatishwe.

Mjue pia tofauti ya sera na sheria, kwani mlango wake si mmoja. Sera ni ahadi ya serikali, na ni vigumu kuishtaki. Sheria hupita Bungeni, na katika nchi ambazo katiba inadai ushirikishwaji, kuuruka kuna gharama: mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilibatilisha sheria za afya kwa sababu chombo kimojawapo cha Bunge hakikuwapa wananchi nafasi ya kutosha ya kusikilizwa. Itazameni katiba yenu. Kenya tangu 2010 inataja haki ya kuwa huru kutokana na njaa, na Nepal tangu 2015 inataja haki ya chakula. Kama yenu ina kifungu cha namna hiyo, kitajeni kwenye aya ya kwanza ya maoni yenu.

Baada ya saini ndipo kazi ndefu inapoanza, na ndipo wengi tunapotawanyika. Sera isiyo na fungu kwenye bajeti ni karatasi, na bajeti husomwa kila mwaka. Jueni mwezi ambao kamati ya Bunge hupokea maoni ya bajeti, na mwende mkiwa na jambo lenu lilelile. Halafu fuatilieni. Katika miaka ya 1990, wanavijiji wa Rajasthan walianza kufanya mikutano ambamo hati za miradi ya umma zilisomwa kwa sauti mbele ya wale waliotajwa humo: fulani alilipwa siku kadhaa, na fulani akasimama akasema hakulipwa hata siku moja. Hakukuwa na ufundi zaidi ya huo. Vuguvugu hilo lilichangia sana India kupata sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005, na ukaguzi wa namna hiyo, uitwao ukaguzi wa kijamii, ukaandikwa ndani ya sheria ya chakula ya 2013. Nanyi mnaweza kuomba orodha ya waliouza nafaka kituoni kwenu msimu huu, mkaisoma hadharani. Mtajua haraka kama walionufaika ni wakulima au ni madalali waliotumia majina yao.

Na ile nafasi ya kwanza niliyosema, ya kabla ya rasimu? Sera hizi hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Muulizeni afisa kilimo wenu ni lini tathmini ya sera hii itafanyika, na mtunze hesabu zenu za kila msimu tangu sasa. Kikundi chenye daftari la misimu mitano ndicho kinachotafutwa na kikosi kazi kabla ya neno la kwanza kuandikwa.

Kwa wenzako wanaosita, sitawaahidi kwamba safari hii mtasikika. Mkishindwa, mtakuwa na nakala yenye mhuri na hesabu zenu, vitu ambavyo mwaka juzi hamkuwa navyo, na mwaka wa bajeti utawakuta navyo mkononi.

Kwenye kikao cha kwanza, kabla ya kufungua rasimu, kila mmoja aseme mwaka jana akiba ya chakula nyumbani kwake iliisha mwezi gani. Yaandike majibu yote 34 kwenye karatasi moja, kisha fungueni ukurasa wa jedwali.